Mkwe Asiyekula

Jikoni kwa Maman Perpétue palikuwa hapakaliki tangu asubuhi. Sombe, yaani kisamvu, ilishatwangwa, samaki wa ziwa walishakaangwa, mbuzi alikuwa anatokota, na unga wa muhogo ulikuwa pembeni ukisubiri saa yake, maana bugali ikipoa mbele ya wageni ni aibu ya mwenye nyumba. Ocira alikuwa anakuja na watu wake kubisha hodi rasmi, Papa Barnabé aulizwe kama binti yake Benedicte anaweza kuwa mke wa mtu. Siku kama hiyo msichana hucheka hata na mwiko. Benedicte hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akikata vitunguu, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya vitunguu peke yake.

Kisa kilikuwa suruali. Benedicte alikuwa fundi wa cherehani, na cherehani yake ilikaa Wandegeya, kwenye baraza ya duka moja la kuchapisha kazi za wanafunzi. Ndipo Ocira alipomkuta, amebeba suruali nyeupe ya kubana, imechanika goti, anataka ishonwe mshono usionekane. Benedicte akamuuliza hiyo ni nguo ya ngoma gani. Akajibiwa ni ya kupandia farasi. Basi binti wa watu alicheka mpaka mwenye duka akatoka kuchungulia. Farasi, Kampala hii? Ocira hakukasirika. Alimtazama tu kwa yale macho yake ya upole, akamtazama na kumtazama, mpaka kicheko kikamwisha Benedicte mdomoni na vidole vikasahau sindano. Kuanzia hapo, jamani, kilichobaki kilikuwa kusubiri tu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Ocira alikuwa mtoto wa kambi ya polisi, Mwacholi aliyelelewa na shangazi yake Filda, mjane wa sajini. Mwili wake ulikataa kukua. Polisi hawakumtaka, jeshi halikumtaka, na vijana wa kambini walimwita Nusu. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuzoa mavi kwenye banda la farasi kule Luzira, kando ya ziwa, ambako tajiri mmoja alifundisha watoto wa wenye nazo kupanda. Farasi wakampenda. Akatoka hapo akaenda Uarabuni kutunza farasi wa mbio, na siku moja joki, yaani mpandaji wa mashindano, alipougua, wakamrusha yeye juu ya tandiko. Akashinda. Akapewa mwingine, akashinda tena. Msimu ule kambi nzima ilijazana kwa Filda kutazama mbio kwenye simu, na Nusu akawa mtu mzima na robo. Kisha akaanguka. Alimpigia Benedicte akamwambia ni bega tu, akarudi nyumbani kupumzika.

Ila mtu anayepumzika hunenepa. Huyu kila alipokuja Wandegeya alikuja na suruali ileile: ipunguze kidogo, Bene. Baada ya muda: ipunguze tena. Mara ya mwisho Benedicte alipomzungushia futi kiunoni, mkono wake ulipita kwenye mifupa mitupu. Alimuuliza anajikausha kwa ajili ya nani, na yeye yuko likizo. Ocira akambusu kwenye paji la uso akasema ni mazoea. Benedicte akaipunguza. Tangu siku ile moyo wake haukutulia, na kila alipoulizwa mbona umenyamaza, alisema amechoka.

Wazazi wenyewe walikuwa wamevutana vya kutosha. Papa Barnabé aliikimbia Uvira, kule Kongo, akiwa amembeba Benedicte mgongoni, na aliapa kwamba mtoto wa mtu wa bunduki hataoa kwake. Filda naye alilalamika kambini: mkimbizi huyu, ukoo wake tutaupeleleza wapi? Ilichukua muda mrefu na machozi mengi ya Benedicte mpaka mzee akasema haya, waje niwaone, lakini nitawatazama kwa macho yangu.

Wakaja. Filda alivaa gomesi ya rangi ya dhahabu iliyotangulia kuingia kabla yake. Nyuma yake wazee wawili wa kambini, wamenyooka wima kama wako kwenye gwaride, na mwishowe Ocira, koti limemning'inia mabegani. Benedicte alichungulia toka mlango wa jikoni. Macho yao yakakutana, na akasahau wasiwasi wote kwa kitambo kidogo. Alikuwa mzuri, huyu kijana wake, hata akiwa mifupa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, kila mtu na Kiswahili chake, wa kambini na cha kambini, wa Uvira na cha Uvira, wakaelewana na wakacheka. Chakula kikaletwa. Wazee wa kambini walikula kama watu waliotumwa. Ocira alimega tonge moja, akalichovya, akaliviringisha, akalichovya tena. Tonge halikufika mdomoni. Alipoona anatazamwa alilirudisha chini ya mchuzi, akamega lingine, akaanza upya.

Papa Barnabé alikuwa ameacha kula.

"Kijana," alisema taratibu, "chakula yetu ni mubaya?"

Filda akadakia kwa kicheko, akaeleza kwamba huyu mtoto tangu utotoni ni mgumu wa kula. Mzee hakumtazama.

"Kwetu, mutu akikataa chakula yako, mutoto yako pia hamutaki."

Mmoja wa wazee wa kambini akaweka tonge chini. Benedicte aliona vile baba yake alivyoanza kukunja kitambaa cha mkononi, na alimjua: akimaliza kukikunja atasimama, na akisimama hakuna tena posa. Hakufikiri. Aliingia sebuleni akapiga magoti.

"Papa, Ocira amefunga. Yuko kwenye maombi."

Yesu wangu, uongo ulivyomtoka laini. Na ulivyopokelewa! Papa Barnabé alikuwa shemasi, na kilio chake cha kila Jumapili ni kwamba vijana wa leo hawajui kufunga. Uso wake ulifunguka. Akainuka akamshika Ocira bega, akamwita mwanangu, akawaambia wazee wa kambini kwamba mtu anayenyima tumbo lake kwa ajili ya Mungu hataweza kuonea mke. Akaamuru hata sahani ya binti isiletwe leo. Itasubiri mpaka kijana afungulie.

Na sahani ya binti si jambo dogo kwenye ukoo wao. Watu wakishazungumza na kukubaliana, msichana mwenyewe hupakua kwa mkono wake, akapiga magoti mbele ya yule anayemtaka. Mwanamume akila akamaliza, amemchukua. Akiiacha, amemwacha, na wazee wake huinuka wakaenda bila kuaga. Hakuna wa kumbembeleza mwenzake baada ya hapo.

Kila mtu alipumua. Filda ndiye aliyepumua kupita kiasi, ulimi ukamteleza.

"Mungu asikie hayo maombi, mzee wangu. Na ndege yenyewe ni kesho asubuhi."

Papa Barnabé akauliza ndege gani. Filda akasema si anarudi kwa farasi wake, kwani hamkuambiwa? Ocira aliinamisha kichwa. Benedicte alikuwa bado magotini. Alimtazama shangazi, akamtazama mchumba wake, kisha akachukua bakuli la kunawia, ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza kula, akatoka nalo uani.

Uani kulikuwa na bomba, tangi la maji na kamba za nguo za majirani wa ghorofani. Alisimama katikati ya mashuka ya watu. Ocira akamfuata, nadhani aliwaambia anapunga hewa.

"Kesho, Ocira?"

"Ningekuambia jioni."

"Ungeniambia ukiwa angani."

Hakubisha. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba ni mbio moja tu, ya sikukuu, kwa mwenye farasi mwingine, si yule wa zamani. Hamim, aliyekuwa mwenzake bandani, ndiye aliyemtafutia. Akitoka hapo anarudi moja kwa moja, wanaoana, habari ya farasi imekwisha.

"Huyo Hamim ni mtu mzuri?"

"Ana farasi mzuri," alisema Ocira.

Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na hapakuwa na jua. Benedicte akachomoa leso kifuani akamnyoshea. Ocira alipeleka mkono kuipokea, mkono ukafumba hewa tupu, pembeni ya leso. Alicheka kidogo, akajaribu tena. Benedicte hakucheka. Aliisogeza leso kushoto, polepole, akaipunga karibu kabisa na sikio lake. Macho ya Ocira yalibaki yametulia pale pale mbele.

"Tangu lini?"

Ocira aligusa pembe ya jicho lake la kushoto.

"Tangu nilipoanguka. Bega lilipona. Hili jicho la kushoto limefunga upande." Akanyosha kidole mbele. "Upande tu. Mbele linaona. Na mbio zinakwenda mbele, Bene."

"Daktari alisema nini?"

"Walininyang'anya leseni."

"Nimekuuliza daktari alisema nini."

"Alisema nikiangukia kichwa tena, wasisumbuke kumwita."

Alilisema kama utani wa mtu mwingine. Benedicte alishika kamba ya nguo. Akamuuliza itakuwaje ampande farasi bila leseni. Ocira akamwambia huko anakokwenda si uwanja mkubwa, ni jangwani, watu na magari yao. Hakuna daktari huko wala makaratasi. Kuna mizani tu. Mtu akishuka kwenye ndege anapimwa, akiwa mwepesi anapanda, akiwa mzito farasi anapewa mwingine, wenye njaa ya kupanda wamejaa.

"Na mimi nikikuomba usiende?"

"Usiniombe."

"Nakuomba."

"Bene, usiniombe kitu nitakachokunyima." Alimshika mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa baridi. "Hapa mimi ni Nusu. Nimekuwa Nusu maisha yangu yote, hata shangazi akiniita mezani ananitafuta kwa kuangalia chini. Nikiwa juu ya farasi watu wananitazama wakiwa wameinua vichwa. Unajua hiyo ni nini? Nilianguka watu wakiniona. Sitaki iwe ndiyo ya mwisho waliyoiona. Nataka nishuke mwenyewe, kwa miguu yangu, halafu nije nikae na wewe mpaka nizeeke."

Angekuwa anadanganya, Benedicte angejua la kufanya. Lakini alikuwa anasema kweli, kila neno, na alikuwa anampenda, na vyote viwili vilikuwa vinampeleka kwenye ile ndege. Akamwuliza mara ya mwisho kula ni lini. Ocira akatabasamu.

"Sahani moja tu ya mama yako na mizani itanikataa. Ndiyo maana nimekushukuru moyoni. Pale ndani uliniokoa."

Filda akaita toka mlangoni. Ocira akarudi, akigusa ukuta kwa mkono wa kushoto alipopita.

Benedicte alibaki na bakuli. Alimwokoa. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alimfungulia njia, na baba yake akaibariki. Hasira ilimpanda, kwanza juu ya Hamim asiyemjua, kisha juu ya Filda, kisha ikatulia mahali pake, juu yake yeye. Akanawa uso kwenye bomba, akaingia jikoni.

"Maman, naomba sahani."

Maman Perpétue alimkumbusha kwamba Papa amesema isubiri. Benedicte akarudia vilevile, naomba sahani, Maman. Mama alimtazama mtoto wake kwa muda, kisha akasonga bugali mpya bila kuuliza neno, maana kuna sauti ambayo mama akiisikia huacha kuuliza. Benedicte akapakua mwenyewe. Aliweka bugali ya mtu anayelima, sombe juu yake, nyama ya mbuzi yenye mafuta, samaki mzima, na mchuzi mpaka ukingoni.

Walipogeuka kumtazama sebuleni, alikuwa tayari amepiga magoti, sahani mkononi.

"Papa, nimekudanganya. Ocira hajafunga. Nilisema vile kwa sababu niliogopa utasimama."

Mzee alipigwa na butwaa. Filda alianza kusema kitu, mmoja wa wazee wa kambini akamshika mkono. Habari ya jicho Benedicte aliimeza. Aliona si yake kuianika mbele ya kambi, aliona sahani itatosha. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa magotini mbele ya mwanamume anayempenda?

"Hii ni sahani yangu," alimwambia Ocira. "Nimepakua mwenyewe."

Aliiweka mbele yake. Kila mtu pale ndani alijua maana yake, lakini ni wawili tu waliojua yote: akila, hana farasi, akiacha, hana mke. Rangi ilimtoka Ocira. Aliitazama sahani, akamtazama Benedicte, na katika mtazamo ule mlikuwa na ombi: yeye aliyekataa kuombwa kule uani, sasa ndiye anayeomba. Benedicte hakuondoa macho. Kama ataiacha, alijiambia, aiache sasa, na mimi nilie nikiwa hai naye akiwa hai, afadhali hivyo.

Papa Barnabé alishika kitambaa chake akaanza kukikunja.

Ocira akanyosha mkono. Akamega tonge, akalichovya, akalipeleka mdomoni, akameza. Shingo yake nyembamba ilihangaika na lile tonge. Akamega lingine. Alikula bila kusema, bila kunywa maji, macho hayabanduki kwa Benedicte, na kadiri alivyokula ndivyo machozi yalivyomtiririka, hata wazee wakaguswa, wakadhani ni furaha ya kijana. Alikula nyama. Alikula samaki akaacha mifupa. Akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho.

Filda akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ghorofani. Maman Perpétue akakijibu toka jikoni. Papa Barnabé alisimama, safari hii kwa furaha, akawaweka mikono vichwani na kuomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kifuliiru cha kwao, ombi refu la mtu aliyeshindwa vizuri. Benedicte alilia chini ya mkono wa baba yake, alilia kwa raha. Alikuwa ameshinda farasi, mizani na huyo Hamim. Wazee wa kambini walikuwa tayari wanazungumza mahari kwa utani, na mtu alikuwa anatafuta muziki kwenye simu. Ocira alimminya vidole, akamnong'oneza kwamba anakwenda kunawa.

Mke humnawisha mumewe. Benedicte alichukua jagi la maji na taulo safi, akamfuata huku akifuta machozi kwa bega. Bombani hakuwepo. Akazunguka mashuka, akazunguka tangi.

Ocira alikuwa ameinama nyuma ya tangi, tai ameitupia begani, mkono mmoja umeshika ukuta, vidole viwili viko kooni. Hakutoa sauti hata kidogo. Miguu aliipanua vya kutosha, viatu visichafuke. Aliinama mara moja, akasubiri, akainama tena, kwa utaratibu wa mtu anayeijua kazi yake, mpaka ikatoka yote, sombe ya Maman Perpétue, samaki, nyama, vyote alivyopakua Benedicte kwa mkono wake. Kisha akafukia kwa mchanga kwa ncha ya kiatu.

Alipoinuka alimsikia. Ilibidi ageuze kichwa chote ndipo ampate kwa lile jicho zima.

Kule ndani muziki ulipatikana, wakaanza kupiga makofi.

"Chakula kilikuwa kitamu, mke wangu," alisema Ocira. "Kweli kabisa."

Akanyosha mikono mbele, ikiwa imeungana, inasubiri maji. Benedicte alifungua kinywa, na yote yalikuwa pale kwenye ulimi, jicho, daktari, jangwa, neno moja tu lingetosha kuwatoa wote ndani. Baba yake alitokea kwenye mlango wa nyuma, uso unang'aa, miaka mingi Benedicte hakuwa amemwona hivyo, akaita bwana arusi yuko wapi, watu wanamtaka.

Benedicte aliinamisha jagi.

"Ananawa mikono, Papa," alijibu, na sauti ilimtoka ya kawaida kabisa.